Rejesho kwa Jina la Mama

Mwaka ule nilishindwa kabisa kukaa mbele ya cherehani. Nilikuwa nashona upande mmoja wa gauni, nainuka, nachukua simu, naangalia kama kuna ujumbe, narudi kukaa. Baada ya mishono michache nainuka tena. Wateja waliokuja kupima nguo waliniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nasubiri rejesho.

Duka moja la mtandaoni lilikuwa limefika Tabora. Ulichagua kitu kwenye simu, ukalipia, na baada ya siku kadhaa ukaenda kukichukua kwa wakala wao karibu na stesheni ya treni. Ili kuvuta watu, mteja mpya aliponunua kwa mara ya kwanza alirudishiwa sehemu ya bei kwenye simu yake. Vijana waliita keshibaki, sisi tuliita rejesho. Mara ya kwanza nilinunua pasi kwa haja ya kweli, maana ya zamani ilikuwa inaunguza vitambaa vya watu. Nilipoichukua, simu ililia na rejesho likaingia. Nilifurahi kama mtu aliyeokota.

Aliyenifundisha yaliyofuata ni shoga yangu. Alikuwa jirani yangu, muuza mabaibui na manukato, mzaliwa wa familia ya mjini iliyokaa Tabora tangu enzi za misafara. Siku hiyo alikaa juu ya meza yangu ya kukatia akiwa na kikombe cha kahawa.

"Nunua nyingine kwa laini nyingine," alisema. "Ukishaichukua, siku ya tatu unairudisha, unasema haipati moto. Wanakupa hela yako yote. Lile rejesho hawalidai, lishaingia."

"Si wizi huo?"

"Wizi ni kuvunja mlango wa mtu. Hawa ofa wameiandika wenyewe. Babu zangu waliuza na kununua na kila msafara uliopita hapa, na hakuna mgeni waliyemwonea huruma kwa kutojua bei. Mtu akiacha mlango wazi, amekaribisha."

Nilicheka. Nilitaka sana maneno yake yawe kweli, kwa hiyo sikubishana.

Ofa ilikuwa ya wateja wapya tu, na duka lilimjua mteja mpya kwa namba ya simu na namba ya kitambulisho cha taifa. Nikahitaji mtu. Mama yangu alikuja mjini kupima macho, akitokea kijijini kwetu, mbele ya Sikonge. Tulipotoka hospitali nilimpitisha kwa msajili wa laini.

"Ya nini, mayu?" aliniuliza. Kwetu mama humwita binti yake hivyo akimpenda. "Mimi ninayo moja na inanitosha."

"Hii bando lake ni rahisi, mama. Tutaongea mpaka tuchoke."

Akaweka kidole gumba kwenye kile kimashine, akasubiri, akaambiwa arudie kwa sababu vidole vya mkulima havisomeki haraka. Akarudia mara tatu bila kulalamika. Laini niliiweka kwenye pochi yangu, akapanda basi bila kuiona tena. Wiki mbili baadaye alinipigia akauliza, "Ile laini yetu ya kuongea iko wapi?" Nikamwambia inasumbua, haijakubali. Ilikuwa ndani ya simu yangu ya pili wakati huo huo, imeshanunua pasi.

Baada ya laini ya mama zikaja nyingine, za binamu na za wasichana niliowafundisha kushona. Nilizoea haraka kuliko nilivyotegemea. Kitu ambacho sikukizoea ni yule wakala.

Alikuwa mwanamume mpole aliyewahi kufanya kazi ya reli, mwenye umri wa kaka yangu mkubwa. Nilipopeleka pasi ya tatu nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akafungua boksi. Hakuniuliza kitu. Alichomeka pasi ukutani, akangoja, akalowesha kidole kwa mate na kuigusa. Ikatoa sauti, chsss. Tuliangaliana.

"Haipati moto," nilisema. Mpaka leo sijui nilipata wapi uso wa kusemea maneno yale.

Akachukua kalamu akaandika: haipati moto.

"Mbona unaandika wakati umeona?" nilimuuliza. Swali lilinitoka tu.

"Nikiandika kwamba inapata, utalalamika kwao, nitaambiwa nimemsumbua mteja. Nikiandika haipati, watasema niliiangusha mimi, wanakata kwenye malipo yangu. Lakini hapo angalau kituo kinabaki." Alifunga boksi kwa utepe wa gundi, taratibu, akilinganisha kona. "Mimi ni mpagazi, dada. Mzigo ukiharibika njiani, anayeulizwa ni aliyeubeba."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeapa kuacha. Niliacha, kweli, kwa muda wa wiki moja hivi. Kisha sikukuu zikakaribia, duka likaongeza rejesho na kulitoa hata kwa wateja wa zamani, na shoga yangu akapita mlangoni akisema, "Wenzako tunavuna, wewe umelala?" Nikaitoa tena laini ya mama. Wakati huu niliagiza blenda.

Siku nne baadaye mama alinipigia asubuhi. Kwa kawaida huanza na salamu ndefu za nyumbani, mwangaluka, habari za watoto, habari za mvua. Siku ile hakusalimia.

"Duka limetufungia," alisema.

Hapo lazima nieleze. Mama alikuwa katika kikundi cha kina mama wa kanisani kwao waliouza asali ya porini. Mtaalamu mmoja wa kilimo aliwasaidia kuiweka asali yao kwenye duka lile lile la mtandaoni, na oda zilianza kuja hata kutoka Dar es Salaam. Ukurasa wao wa kuuzia, ambao duka halikuuhesabu kuwa mteja, uliandikishwa kwa kitambulisho cha mama kwa sababu wakati ule vya wenzake vilikuwa havijatoka. Nililijua hilo. Nililijua siku nilipompeleka kwa msajili, na sikuliunganisha, au sikutaka kuliunganisha.

Mama alinisomea ujumbe neno kwa neno, polepole, miwani yake ikiwa mpya. Akaunti zote zenye kitambulisho hiki zimefungwa kwa sababu ya udanganyifu.

"Udanganyifu gani, mayu? Asali yetu haijawahi kuguswa na sukari."

"Labda wamekosea," nilisema.

"Hawajakosea. Kuna mtu amechanganya."

Ndipo akaniambia kwamba kina mama walikuwa wameshakaa kikao. Walimshuku mjane mmoja mwenzao, kwa sababu asali yake ya msimu ule ilikuwa nyepesi. Walitaka kwenda kuzifungua ndoo zake.

Nilikata simu nikaenda moja kwa moja kwa shoga yangu. Alinisikiliza huku akipanga chupa za manukato.

"Tupa laini, nyamaza," alisema. "Nani atajua? Wamama watagombana, watapatana. Litapita."

"Na yule mjane?"

"Wewe ulimtaja? Si wewe."

Maneno yale yalinipa nafuu ya saa moja, kisha yakaniacha. Sikuweza kushona. Nilikata kitambaa cha mteja upande usio wake. Mchana niliufunga mlango nikaanza kutembea, bila shughuli, njia ya Kwihara, nikawapita watu waliokuwa wanarudi kutoka mashambani na majembe begani. Watalii wawili walikuwa wanashuka kwenye gari kwenda kuitazama ile nyumba ya tembe aliyokaa Mzungu msafiri wa zamani. Mwongozaji akanipungia mkono akidhani nimekuja kuuza kitu. Niligeuza pale pale. Miguu iliniuma lakini nikikaa nilikuwa naona zile ndoo za mjane zinafunguliwa.

Kesho yake nilienda kwa wakala. Safari hii sikubeba boksi. Nilimweleza yote, kuanzia pasi ya pili, nikamwomba awaandikie duka wamfungulie mama.

Aliivuta kalamu yake. "Naweza kuandika," alisema. "Lakini nitaandika ukweli. Na jina litakuwa lako, na sahihi yako."

"Hakuna namna nyingine?"

"Ipo. Niandike haipati moto."

Niliona aibu iliyonifanya nisikie joto masikioni. Nikamwambia anipe siku moja, nikamweleze mama kwanza, asije akasikia kwa barua.

Nilipanda basi la Sikonge alfajiri, na kutoka pale nikachukua pikipiki mpaka kijijini. Mama alikuwa uani anachuja asali kwa kitambaa, mikono imemnata mpaka viwikoni. Nilimwamkia, akaitika, akafurahi kuniona bila taarifa. Furaha yake ndiyo iliyonimaliza. Nilisema nikiwa bado nimesimama.

"Mama, hakuna aliyechanganya asali. Ni ile laini. Niliitumia kudanganya duka, kwa jina lako."

Hakuelewa mara moja. Ilibidi nieleze pasi, rejesho, blenda, kimoja kimoja, na kila nilipoeleza jambo lilizidi kuonekana dogo na la kijinga. Alipoelewa aliacha kuchuja.

"Kidole changu," alisema. "Nilirudia mara tatu kwa ajili yako."

"Nisamehe, mama."

"Jana tulikwenda kwake. Mimi ndiye niliyefungua ndoo ya kwanza." Alinawa mikono, akanawa tena. "Hapa si mahali pako pa kuomba. Twende."

Aliwakusanya kina mama kwenye uwanja wa kanisa siku ile ile. Walikuja kama kumi na kitu, wengine na watoto mgongoni. Yule mjane alikaa pembeni, mbali na wenzake kwa nafasi ya watu wawili. Mama hakunisaidia hata kwa sentensi moja. Nilisema kwa Kiswahili, kisha mama mmoja mzee akaniambia niseme kwa Kinyamwezi, ili kila mtu asikie vizuri. Kwa Kinyamwezi hakuna mahali pa kujificha. Sikuwa na neno la ofa wala la rejesho. Nilisema tu nimeiba kwa jina la mama yangu.

Mwenyekiti wao alitaka kumaliza kwa sala. Yule mjane akainua mkono.

"Ndoo zangu mlizifungua, mkazionja kwa vijiko, mkaziacha wazi," alisema. "Siafu wameingia. Nataka kujua hiyo inasameheka vipi."

Wote walitazama chini, na mama yangu pia. Walikuwa wamemkosea wenyewe kwa mikono yao, mimi nikiwa mjini. Lakini bila mimi wasingefika mlangoni kwake. Nililiwaza hilo njia nzima ya kurudi na sikupata pa kulituliza.

Barua niliisaini kwa wakala. Duka lilinifungia mimi moja kwa moja, na sijalalamika. Baada ya wiki nyingi lilikubali kikundi kirudi, ila kwa kitambulisho cha mwanachama mwingine. Jina la mama lilibaki kwenye orodha yao ya watu wasioaminika, na maelezo yangu hayakulitoa. Mama mwenyewe aliirudisha simu ya kikundi, aliyokuwa akipokelea oda, bila kuombwa. Wakala nilimpelekea alichokatwa kwa ajili yangu. Hakukataa, na sikutaka akatae. Shoga yangu hatujagombana, ila hakai tena juu ya meza yangu. Husimama mlangoni, akauliza habari, akaenda.

Mama ananipokea kama zamani. Ananipikia, ananiuliza habari za kazi. Lakini mwaka jana alipohitaji kujaza fomu ya benki alisubiri siku tatu, mpaka mtoto wa jirani aliporudi likizo, wakati mimi nilikuwa nimekaa naye chumba kimoja.

Yule mjane alitoka kwenye kikundi. Siku hizi anauza asali yake mwenyewe, anaifunga kwenye baiskeli na kuipeleka mpaka Sikonge mjini. Juzi nilikutana naye njiani, nikashuka kwenye pikipiki nikamwamkia shikamoo. Nilitaka kununua, na nilitaka kusema neno, ingawa sikuwa nimelipanga.

"Marahaba," aliitika, na kabla sijauliza bei akasema, "Hii asali imeshapata mwenyewe."

Akaendelea kukanyaga, vumbi likimfuata. Dereva wangu akaniuliza kama tunaendelea au tunangoja.