Siku Nilipomwita Shemeji Yangu Mwizi Ukumbini

Haya nayasema mwenyewe kabla hamjayasikia kwa wengine, maana Bariadi nzima walishayasikia, na wengine wanayasimulia kwa kuongeza chumvi wakati yenyewe tayari yana chumvi ya kutosha.

Mke wangu Nyanzobe alifariki mwanzo wa kiangazi. Alituachia mimi na binti yetu Kabula ng'ombe kumi na wawili, na katika hao kumi na wawili zizini kwangu walikuwepo wawili tu. Wengine alikuwa amewaweka kwa watu, kama wazee wetu walivyofanya: unampa ndugu au rafiki ng'ombe, yeye anakunywa maziwa na kupata mbolea, wewe unabaki mwenye ng'ombe na ndama wake. Watatu walikuwa kwa rafiki yake kule Maswa, watatu kwa shangazi yake kule Nyashimo, wanne kwa kaka yake Masanja pale Ngulyati. Hakuwahi kuniambia kwa nini anawatawanya hivyo, na mimi (nakiri) sikuwahi kuuliza.

Siku ya kuanua matanga, jirani mmoja akaniambia, "Baba Kabula, ng'ombe waliotawanyika si ng'ombe, ni habari za ng'ombe." Maneno hayo yakaniingia. Kabula alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari, na hao ng'ombe ndio waliokuwa tegemeo lake lote, maana pamba siku hizo haikueleweka: ushirika ulikuwa umelegea, wanunuzi binafsi wanakuja na malori yao, wiki hii bei hii, wiki ijayo hata lori hulioni. Nikasema angalau ng'ombe niwaone kwa macho yangu. Nikatoka nikawakusanya wote.

Nilipofika Ngulyati watoto wa Masanja walikuwa wamekaa na vikombe wakingoja maziwa. Sikukaa hata kwenye kigoda. Masanja akaniswagia watatu.

"Na yule mwekundu mwenye baka usoni?"

"Alipotea malishoni, shemeji."

Alisema akitazama chini. Nikaondoka nikijua moyoni kwamba ameniibia.

Wiki chache baadaye wakulima tukaitwa semina ya siku mbili katika ukumbi wa kanisa, kufundishwa namna ya kujikinga na hasara sasa kwa kuwa soko ni huria na hakuna wa kutubeba. Mwalimu alikuwa binti mpole kutoka Mwanza. Akatupa kila mtu punje kumi za mahindi na vikombe vitano vyenye namba, akasema punje ni mali yenu, ziwekeni mnavyotaka, kisha nitaokota karatasi yenye namba, na kikombe cha namba hiyo kitapatwa na ukame au ugonjwa au mnunuzi asiyelipa.

Watu wakagawa mbili mbili. Mimi nikaweka zote kumi kwenye kikombe cha tatu, nikakifunika kwa kiganja.

"Mzee, mbona vinne umeviacha vitupu?"

"Nitalinda hiki kimoja, mwalimu. Vitano siwezi kuvitazama vyote."

Watu wakacheka, hata mimi nikacheka. Akaokota karatasi. Ilikuwa tatu. Akakiondoa kiganja changu taratibu (ana adabu yule binti) na kumwaga punje zote sakafuni, na kuku wa mchungaji waliokuwa mlangoni wakaingia wakazila mbele ya watu wote. Ukumbi ulicheka mpaka wengine wakashika mbavu.

Hapo ningekaa kimya ingeishia hapo. Lakini nilikuwa na uchungu wa msiba na sasa na uchungu wa kuchekwa, nikasimama nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Mwalimu, hatari si kikombe. Hatari ni kuweka mali kwa watu. Shemeji yangu yule pale nyuma aliwekewa ng'ombe wanne, akarudisha watatu. Ndiyo maana wangu wote kumi na mmoja sasa wako zizi moja, hata yule wa Maswa anayekohoa, namwona kila asubuhi."

Masanja hakuinua kichwa. Lakini bwana mifugo, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, akasimama.

"Anakohoa tangu lini, mzee?"

"Tangu nimlete."

"Wenzake?"

"Wawili nao wameanza."

Hakuna aliyecheka tena. Bwana mifugo akachukua kofia yake akaniambia, "Twende sasa hivi," na nusu ya ukumbi ikatufuata, Masanja akiwa wa mwisho.

Ilikuwa homa ya mapafu. Wa Maswa alikuja nayo, na mimi ndiye niliyemleta nikamlaza katikati ya wenzake wazima. Bwana mifugo akafunga zizi: asiingie ng'ombe, asitoke ng'ombe. Nikamwomba walau niwarudishie watu wale wazima waliobaki, nitawanye kama nilivyofundishwa saa moja iliyopita. Akatikisa kichwa. "Umechelewa, mzee. Ukiwatawanya sasa unatawanya ugonjwa."

Nikakaa chini pale pale kwenye mbolea. Masanja akaja akachuchumaa kando yangu, watu wote wakisikia.

"Shemeji, yule mwekundu hakupotea. Nilikudanganya. Dada alipoanza kuumwa aliniita akasema, 'Mume wangu ni mtu mwema ila ana haraka. Siku akija kuwachukua wote, mmoja mfiche, awe wa Kabula.' Yuko kwa baba mkwe wangu. Ana mimba."

Miaka yote niliyoishi naye, mke wangu alikuwa akinikinga na ukame, na magonjwa, na wezi, na kumbe alikuwa amenikinga na mimi mwenyewe. Na hakusoma hata darasa moja.

Katika kumi na mmoja wakapona watatu. Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, nikaomba ruhusa nikasimama mbele ya watu wale wale nikasema, "Nilimwita Masanja mwizi. Mwizi hakuwa Ngulyati, alikuwa nyumbani kwangu, ndiye mimi." Masanja akaniambia tu, "Kaa chini, shemeji, watu wana njaa."

Kabula alikwenda shule kwa huyo mwekundu na ndama zake. Mimi hata leo sijamleta nyumbani. Nikitaka kumwona nakwenda kule aliko, nakaa kwenye kigoda, nasalimia vizuri, nasubiri watoto wanywe maziwa kwanza, ndipo namtazama ng'ombe.