Saa ya Kengele kwenye Ndiva ya Vudee

Nilikwenda Vudee, milimani juu ya Same, kwa sababu ya barua. Mjomba wangu Elieza, kaka yake mama, aliniandikia Tanga kwamba vijana wa huko wamepiga kura ya kunyoosha mikono: tangu sasa maji ya mfereji yatagawanywa kwa saa, kama mambo yanavyoendeshwa mjini. "Mzee Kiondo aliyekuwa akiyagawa amefariki," aliandika, "na hakuna anayeitaka kazi yake. Nunua saa ya kengele, uilete mwenyewe." Nilifurahi. Mimi na wenzangu tunaokutana kusomeana hadithi tulikuwa tumeandika mengi juu ya nchi mpya inayokuja, nchi ya redio, kamati na mikutano. Sasa nchi hiyo ilikuwa inaniita kwa jina.

Jumatatu asubuhi nilipanda garimoshi, daraja la tatu, saa imeviringishwa ndani ya shati mapajani. Mkonge ulianza mapema na haukutaka kwisha, mistari baada ya mistari, hadi macho yakauma. Aliyekaa mbele yangu alikuwa mkata mkonge anayerudi kwao Hedaru. Alitega sikio.

"Bwana, mzigo wako unatafuna kitu."

"Ni saa."

"Ya nani?"

"Ya mfereji."

Alicheka hadi akakohoa. "Basi mwakani mtaununulia na viatu!"

Alishuka Hedaru bado anatikisa kichwa, nami nikabaki na joto na vumbi.

Same tulifika jioni. Wafugaji wa tambarare walikuwa wamejipumzisha kando ya reli, wameegemea mikuki yao, na milima nyuma yao ilikuwa imeanza kuwa ya buluu. Nililala kwenye kibaraza cha duka. Kulipokucha lori la mfanyabiashara lilinifikisha chini ya mlima, na kutoka hapo nilipanda kwa miguu. Wanawake wenye mikungu ya ndizi vichwani walinipita wakiteremka, wakanisalimu bila kuhema. Mimi hata kuitikia kulinishinda.

Jumanne alasiri nilimkuta mjomba mlangoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Iko wapi?"

Hakuuliza habari za mama. Aliipokea saa kwa mikono miwili, kisha akanipeleka kuiona ndiva kabla sijavua viatu.

Ndiva ni bwawa dogo la udongo, pana juu na jembamba chini. Kijito hulijaza usiku kucha. Alfajiri kizibo cha mti huchomolewa, na maji hushuka mferejini hadi mashambani. Ndiva hii ina mashamba sita, na zamu huja mara mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi. Tangu Kiondo afe watu walikuwa wakinyang'anyana. Sasa, alieleza mjomba, kila shamba litapata nusu saa, na mpangilio utabaki ule wa zamani: wa kwanza ni kijana Elinami, aliye karibu na ndiva; wa mwisho ni Nambua, mjane wa Kiondo.

Jumatano saa kumi na mbili alfajiri nilisimama pale na saa mkononi, maana mimi ndiye niliyejua kuitega. Kengele ilipolia watu walipiga makofi.

"Hata jogoo amenyamaza," alisema Elinami. "Amejua kazi yake imekwisha!"

Maji yalitoka kwa kishindo. Shamba la Elinami likalowa, likafurika. Nilitembea na saa kutoka shamba hadi shamba, nikiiacha ilie, mtu azibe, mwingine afungue. Nilipofika kwa Nambua alikuwa amesimama na jembe. Mahindi yake yalikuwa ndiyo kwanza yanachanua, na majani yalikuwa yamejisokota kama tumbaku. Mferejini ulikuja ute wa tope, mwembamba kama kidole, ukatambaa, ukasimama. Kengele ikalia.

"Nusu saa yako imekwisha, mama," nikasema, kwa kuwa ndiyo kazi niliyopewa.

"Imekwisha?" Alitazama miguu yake mikavu. "Mbona haijaanza?"

Mjomba alisema mfereji wa kwenda kwa Nambua unavuja. Alhamisi, miguu ikiwa bado inawaka kwa ule mlima, niliufuata mfereji mzima, nikipapasa kingo zake. Haukuvuja popote. Nilimkuta Nambua uani anapepeta maharage, nikamweleza. Aliingia ndani, akatoka na fimbo ndefu yenye alama za kisu.

"Vijana walidhani ni mkongojo wa mzee," alisema. "Mume wangu alikuwa anaichomeka ndani ya ndiva. Maji yakishuka hadi alama hii, wa kwanza anaziba. Yakifika hii, wa pili."

Alama za juu zilikuwa zimekaribiana. Za chini ziliachana sana.

"Kwa sababu chini ni pembamba," nikasema.

"Kumbe shule inasaidia. Na maji yakikaribia kwisha, yanatambaa tu. Nusu saa ya Elinami na yangu ni kitu kimoja?"

"Lakini kwa nini shamba lenu liwe la mwisho?"

"La mgawaji huwa la mwisho siku zote. Akimpunja mtu, na apunjwe mwenyewe. Sasa mgawaji amekufa, mimi nimebaki mwisho bure. Jumamosi nisipopata maji, hayo mahindi nayang'oa nalishia mbuzi."

"Kwa nini hukusema mkutanoni?"

"Mwanamke, kwenye mkutano wa mfereji? Kweli wewe umekulia Tanga."

Ijumaa alasiri wanaume walikutana, nami nikaomba kusema. Nilieleza habari za fimbo na alama zake, lakini vibaya, kwa uchovu na aibu. Mjomba alinikatiza.

"Saa umeileta mwenyewe, leo unaisema?"

"Huyu mtu wa vitabu mlima umemmaliza," alisema Elinami. "Mpeni uji!"

Walicheka wote. Nikangoja wamalize.

"Basi, kaka Elinami, kama zamu zote ni sawa, kesho badilishaneni. Aanze mama Nambua, wewe uwe wa mwisho."

Elinami aliinama, akaanza kuchokoa tope kwenye jembe lake. Vicheko vikafa kimoja kimoja. Mjomba alimgeukia.

"Mbona hunyooshi mkono kukubali, Elinami?" akauliza.

Waliamua fimbo irudi, na zamu zibaki zilivyokuwa. Jumamosi alfajiri saa iliwaamsha watu, na hiyo ikawa kazi yake pekee. Nambua aliitwa ndivani kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuisoma fimbo. Alijifunga kanga vizuri, akaingia kwenye maji hadi magotini, akapaza sauti kila alama ilipofika: "Ziba! Fungua!" Wanaume walitii, wengine wakitazama pembeni. Maji yalipofika shambani kwake yalifika polepole, yamebeba majani makavu, lakini yalifika, yakaendelea kuja. Alitembea nayo kati ya mistari.

"Mahindi haya ya chini yameshakufa," alisema. "Ya juu yatazaa."

Jumapili baada ya ibada niliteremka peke yangu. Mjomba alinisindikiza hadi njia panda. Same nilingoja garimoshi hadi nikasinzia, na nilipoketi ndani yake nilifungua daftari langu, nikasoma kurasa nilizoziandika kwa hamasa kabla ya safari.

Nilichojifunza ni kidogo, na kimenichosha kuliko mlima. Nilikuwa nikiandika juu ya kesho kana kwamba itawafikia watu wote asubuhi moja. Nimeufuata mfereji hadi shamba la mwisho. Kesho niliyoibeba kwa mikono yangu ilifika pale ikiwa tope, na mwenye shamba alikuwa amesimama na jembe tangu alfajiri, akiisubiri kwa adabu.