Daktari Aliyezaliwa Mstarini

Naandika haya nimejifunika shuka, maana hata daftari naona linanikodolea macho. Aibu ya Jumatatu bado haijanitoka mwilini.

Shuleni kwetu, hapa Butiama, kila Jumatatu mtu mmoja wa kidato cha tatu anasimamaga mstarini na neno gumu la Kiingereza, anaeleza maana yake na asili yake, halafu anaulizwa maswali matatu. Akifaulu anaingia timu ya mdahalo inayokwenda Musoma mjini. Mimi naogopaga hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni, lakini timu hiyo nilikuwa naitaka kuliko chakula (Musoma nimefika mara mbili tu, zote hospitalini).

Neno langu lilikuwa bucolic. Kamusi ya maktaba ilisema ni sifa ya mahali penye maisha ya shamba na malisho, basi, asili haikuandikwa. Ningemuuliza Madam wa Kiingereza, nikaona haya, nikajiambia nani atajua, nikabuni.

Maana ikapita vizuri, wakapiga makofi, nikanogewa. Nikasema neno limetokana na Mjerumani mmoja, Dokta Bukol, aliyependa mashamba.

"Huyo dokta alikuwa anatibu nini?" akauliza Magesa, rafiki yangu kabisa, tunakaa dawati moja.

"Ng'ombe," nikajibu (sijui ilitoka wapi).

Kaka mkuu akauliza alifia wapi. Nikamuua Bunda! Kwa malaria! Watu wakaguna, lakini mdomo haukuwa na breki tena, nikaongeza kwamba kaburi lake lipo huko huko Bunda, kijiji cha Manyamanyama, mpaka leo.

Swali la tatu likatoka kwa padri anayekuja kufundisha dini, mzee mpole aliyesoma Kigiriki seminari.

"Mwanangu, mimi nimezaliwa Manyamanyama. Kaburi liko upande gani?"

Hapo ikabidi nikiri.

"Hakuna kaburi, Padri. Hakuna hata daktari."

Hakunigombeza. Akasema neno hilo ni la Wagiriki wa kale, lilianzia kwa jina walilomwita mchunga ng'ombe. "Hapa nani anachunga?" akauliza. Hakuna aliyenyoosha mkono, wote ghafla tumekuwa watu wa mjini.

"Huyo huyo Wambura, Padri!" Magesa akapiga kelele. "Jumamosi nimemwona nyuma ya ng'ombe wa babu yake, na fimbo!"

Hapo ndipo walipocheka, mpaka mpishi akatoka jikoni na mwiko. Madam akalikata jina langu kwenye orodha nikiwa namwangalia, akaniambia polepole, "Ungeniuliza tu, Wambura. Ningekwambia."

Timu inaondoka Ijumaa, na nafasi yangu kapewa Magesa. Mimi nimeapa: nisichokijua, nitasema sijui. Leo kwenye Kemia nimesema mara nne. Mwalimu wa Kemia hajafurahi hata kidogo.