Swali Nililolizunguka

Nilianza mazoezi ya ushauri nasaha nikiwa na miaka hamsini na miwili, katika chumba kidogo juu ya duka la mboga kule Lozells. Nilikuwa nimefanya kazi ya uuguzi hapa Birmingham miaka mingi, na sasa nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Ili usajiliwe kuwa mshauri, darasa pekee halikutosha. Ulitakiwa kuketi na wateja saa nyingi, na kila wiki kumweleza msimamizi yaliyopita chumbani. Usimamizi huo si wa nyapara. Ni kukaa na mshauri mzoefu akusaidie kuona ulichokosa kukiona.

Msimamizi wangu alikuwa mama wa Kisingasinga aliyezaliwa Kisumu. Siku ya kwanza alinikuta nimepanga viti vitazamane, akakigeuza kimoja upande kidogo.

"Sista, mteja haji kuhojiwa na polisi," akasema. "Mwachie mahali pa kuangalia."

Mwezi wa tatu nilipewa mteja kwa sababu ya lugha: mwanamume Mkongo wa makamo aliyefiwa na mkewe, mhudumu wa wazee, aliyeishi peke yake Newtown. Nitamwita Baba Neema, ingawa sivyo alivyoitwa. Siku moja, zikiwa zimebaki dakika chache, aliniambia, "Niko nachoka, mama. Siku ingine naona heri nilale nisilamuke tena."

Nilimsikia vizuri kwamba hataki kuamka. Nikampa pole, nikamuuliza habari za usingizi wake, nikamfungulia mlango.

Kesho yake msimamizi alisoma maelezo yangu, akavua miwani. "Ulimuuliza kama anafikiria kujiua?"

"Nilizungukazunguka, mama. Kwetu neno hilo ukilitamka ni kama umelikaribisha."

"Nami nimekulia Kisumu, najua. Lakini yeye analo tayari. Ukiogopa kulitaja, unamwacha nalo peke yake." Akanisogezea simu.

Iliita mpaka ikakatika. Mara ya pili vivyo hivyo. Wodini nilikuwa nimefumba macho ya marehemu wengi, lakini sikuwahi kuogopa namna ile. Baada ya robo saa alipiga mwenyewe. Alikuwa kazini, akimwogesha mzee. Nilitamani nimshukuru Mungu na kukata simu. Msimamizi alikuwa akinitazama.

"Baba, jana ulisema heri usiamke," nikasema. "Unafikiria kujiua?"

Nikasikia bomba la maji likifungwa.

"Ndiyo, mama. Hakuna mutu alishaniuliza."

Alivuta pumzi ndefu, nami nikavuta yangu. Alikubali tumwarifu daktari wake, na kwamba mdogo wake anayeishi Erdington amfuate kazini. Mdogo wake alikuja, na daktari akamwona siku hiyohiyo.

Ikabaki zamu yangu. Niliandika kosa langu lote nikampelekea mkuu wa kozi chuoni, nikiwa na hakika nitarudishwa wodini. Alikuwa mzee wa maneno machache. Alisoma mara mbili.

"Anayekosea namfundisha," akasema. "Anayeficha ndiye siwezi kumkabidhi watu. Unamwona lini tena?"

"Jumanne."

"Basi nenda ukajiandae."

Nilishuka ngazi nikicheka huku machozi yananitoka.

Baba Neema alikuja Jumanne hiyo, na Jumanne nyingine nyingi, mpaka tukaagana vizuri. Nikasajiliwa. Nilitumikia kliniki moja ya Erdington, kisha nikawa msimamizi wa wanafunzi hadi nilipostaafu. Wengi hudhani nimestaafu nikiwa nimelemewa na siri za watu. Sivyo. Siri zao hazikunielemea. Kilichonielemea ni zile siku nilizojifanya sikusikia, na namshukuru Mungu hazikuwa nyingi.

Katika kazi yetu mshauri hamsalimii mteja wa zamani barabarani mpaka aanze yeye. Majuzi nilimwona Baba Neema barabara kuu ya Erdington, mvi zimemjaa, amemshika mjukuu mkono. Nikageukia dirisha la duka. Yeye ndiye aliyesimama.

"Jambo, mama."

"Jambo, Baba."

Mtoto akamuuliza kwa Kiingereza mimi ni nani.

"Ni mama moja," akamjibu, "tulifanyaka naye kazi."