Miaka Saba ya Mwalimu Wangu

Mwalimu aliyenifundisha ualimu alikuwa na sheria moja kali: kwenye kukosoa, heshima inabaki nje. Kila Alhamisi, kwenye shule yetu ya ualimu hapa mjini Baraka, mmoja wetu alitoa somo la majaribio mbele ya watoto wa primeri. Watoto wakishatoka, tulikaa duara, mwenye somo katikati, na kila mtu akasema alichokiona. Ukijaribu kusema lilikuwa somo zuri, alikukata palepale. "Mama, hatukuja hapa kusalimiana. Sema kosa!" Siku yangu walinikosoa mpaka nikalia mbele yao, na nilimchukia juma zima. Halafu nikaingia darasani peke yangu, nikaona faida yake.

Miaka mingi ikapita. Mimi nikaishia ofisini, kwenye ofisi ya elimu, kwa sababu nilijua kompyuta kidogo. Ndipo serikali ikatangaza kwamba walimu wazee watapumzishwa na kupewa pensheni, lakini kila mmoja lazima aandikishwe kwenye site yao ya intaneti. Tulifurahi, tusidanganyane. Huku kwetu mwalimu hapumziki, anafundisha mpaka siku ya kuzikwa, maana akiacha hana kitu.

Ile site sasa! Redioni walisema imegharimu pesa nyingi sana, na kweli pesa zilionekana. Ukiifungua, bendera inapepea, picha za wakubwa zinapita moja moja, zinakula megabaiti zako, na pahali pa kuandika jina hapajatokea bado. Lakini kitufe cha kurekebisha kosa hawakuweka. Ukituma, umetuma.

Mwalimu wangu alikuja siku ya soko, na boti la mota kutoka Ubwari, ambako alikuwa bado anafundisha. Alikuwa amevaa tai. Karatasi zake zilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki aliouzungushia mpira wa baiskeli, mfuko uleule uliovuka naye ziwa kwenda ukimbizini Tanzania na kurudi. Akauweka mezani kwangu polepole.

"Macho imechoka, mama," akasema. "Ubao naonaka sasa kama moshi tu. Nipumzishe."

Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu," nikafungua mfuko. Barua ya kuajiriwa ilikuwa na mwaka wake wa kuzaliwa. Kadi ya uchaguzi ilikuwa na mwaka mwingine. Kadi ilimpunguzia miaka saba.

Nilielewa mara moja. Waliporudi kutoka ukimbizini, walimu walihesabiwa upya, na maneno yalikuwa yanatembea kwamba wazee watafukuzwa mikono mitupu. Wengi walijipunguzia miaka, hata baba yangu mzazi. Na dawa yake niliijua vilevile: unakwenda kwanza tribinali, mahakama ya palepale mjini, wanakupa karatasi inayosema mtu wa kadi na mtu wa barua ni mmoja. Kazi ya juma moja. Nilitakiwa tu kumwambia, "Mwalimu, miaka haipatani."

Lakini ofisi ilikuwa imejaa. Walimu vijana walikuwa wamepanga mstari nyuma yake, masikio wazi. Kwetu humhesabii mzee miaka yake usoni, sembuse kumwambia kwamba alidanganya. Na huyu ndiye aliyenishikisha chaki! Nikainama, nikamuuliza kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, mwaka wa kuzaliwa, tuandike ule wa kadi?"

Aliangalia dirisha.

"Andika yenye unaona, mama."

Nikaandika wa kadi. Nikatuma, pamoja na picha ya barua. Akanishukuru kwa mikono miwili, akaenda kutafuta boti.

Jibu lilikuja baada ya mwezi, maandishi mekundu: tarehe hazipatani, faili limefungwa, mwenye malalamiko afike Kinshasa yeye mwenyewe. Kinshasa! Mungu wangu. Mvua ikinyesha, hata Fizi penyewe, makao ya wilaya yetu, hatufiki.

Hapa ndipo ninapojionea aibu zaidi. Nilituma neno kwa watu wa boti: "Mwambieni Mwalimu, site iko na problème, avumilie." Nani asingeamini? Ofisi nzima ilikuwa inaitukana ile site kila asubuhi, na mimi niliitukana kwa sauti kubwa kuliko wote. Kila aliyeleta salamu zake kutoka Ubwari nilimpa jibu lilelile. Miaka miwili ya shule ikapita hivyo.

Mwaka huu walinituma Ubwari kuangalia walimu wapya. Ndani ya boti nilipanga maneno yangu yote. Nilipofika nilimkuta darasa la tano, tai ileile, uso karibu uguse ubao. Nikakaa benchi la nyuma. Alikuwa anafundisha kugawanya. Akaandika, akajumlisha pale alipotakiwa kutoa, akaendelea. Niliona. Watoto pia waliona, wakaanza kutazamana. Nikashika kalamu yangu, nikanyamaza, nikijiambia nitamsaidia baadaye.

Kasichana ka benchi la mbele kakanyoosha mkono. "Mwalimu, pale umekosea. Iko kutoa."

Nilishtuka kwa niaba ya Mwalimu. Yeye akageuka, akacheka kabisa. "Aksanti, mama. Kuja ufute, uandike yenye iko sawa." Kakaenda, kakafuta, kakaandika.

Watoto walipotoka kucheza, alivuta kiti, akakiweka katikati, akakaa. "Bon," akasema. "Kosoa."

Maneno yote niliyoyapanga yakanikimbia. "Mwalimu," nikasema, "haikuwa site. Ile siku, ofisini, niliona miaka haipatani. Niliona kabla ya kutuma. Nilikuwa na haya ya kukuambia. Nisamehe."

Alifuta chaki vidoleni, kidole kimoja kimoja.

"Mi nilijua umeona," akasema. "Nilikufundisha kuona. Nami nilikuwa na haya mbele ya bale bijana ba walimu, mama. Nilikuwa nangoja weye useme."

Nilisema tutaandika Kinshasa, nitafuata mwenyewe, nitakopa nauli. Akaitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mtoto anayeahidi kusoma sana mwaka kesho. Kisha kengele ikalia. Akarudisha kiti mahali pake, akapapasa ukingo wa ubao mpaka akaipata chaki, na akamwomba yule msichana amsomee somo linalofuata.