Pa Kutulia Ndoo

Nimechora njia ya waenda kwa miguu, na kila hatua hamsini nimeweka kijiukuta cha kufika kiunoni. Mwenzangu ofisini anauliza ni cha nini. Nje mvua imeamsha harufu ya majani mabichi.

Nilikuwa darasa la pili, nikimfuata mama akipanda mteremko wa Newala kutoka bondeni, ndoo kichwani, majani mabichi yakielea juu ili maji yasimwagike. Alikuwa mjamzito.

"Mwanangu, nitue nipumzike."

"Nikikutua, mama, sitaweza kukutwika tena."

Akacheka kidogo, akaendelea kupanda.

Tulifika nyumbani bila tone kumwagika. Jioni, maji yale yale ndiyo yaliyomwosha mdogo wangu, aliyezaliwa bila kulia.