Pamba ya Njuguna

Kila asubuhi saa kumi na mbili, kwenye jengo moja la ofisi katikati ya Nairobi, Njuguna huwapanga walinzi wake mstari, kisha huwapitishia pamba kidevuni. Pamba ikinasa hata udevu mmoja, mwenye kidevu hurudishwa nyumbani.

Ndiyo maana Zedekiah, kwa miaka tisa, amejinyoa kwa wembe hadi ngozini kabla ya kutoka nyumbani Riruta. Na ndiyo maana shingo yake imejaa madoa meusi kama mbegu za papai.

"Chui amefika!" Njuguna humwambia. "Kwani wewe huoganga?"

Mbithe, anayelinda lango pamoja na Zedekiah, hucheka. "Mimi namshukuru Mungu alininyima ndevu."

Zedekiah naye alikuwa akicheka. Lakini nyumbani alijisugua kwa jiwe la kusugulia miguu, akajipaka limau, akanunua krimu ya kichochoroni iliyomchoma kama pilipili. Madoa yakazidi kuiva.

Wiki jana, kwenye kliniki moja Parklands, daktari alimwinua kidevu. "Huu si uchafu," akasema. "Ndevu zako zinajikunja. Ukizikata chini sana, zinarudi ndani ya ngozi kama mwiba. Pale panavimba, na pakipona panabaki doa. Wembe weka kando. Tumia mashine, uache ndevu kidogo. Dawa hii upake usiku, na mchana ujikinge na jua. Yatafifia, lakini polepole."

Badala ya kufurahi, Zedekiah alichemka. Miaka tisa anaitwa mchafu, kumbe uchafu wenyewe ni amri ya mtu!

Jumatatu alisimama mstarini na ndevu za siku nne.

"Hii ni nini? Umeamua kuwa nabii?" Njuguna alifoka.

"Barua ya daktari hii hapa, afande. Soma."

"Pamba haidanganyi." Akaisukuma kidevuni kwa nguvu. Kipele kikapasuka. Pamba ikatoka nyekundu.

Safari hii Mbithe hakucheka.

"Kweli haidanganyi," Zedekiah alisema. "Soma hiyo kwanza, halafu barua. Na usiniite Chui tena. Haya madoa umenichora wewe!"

Njuguna aliitazama pamba, akaifungua barua, akasoma hadi chini.

"Enda langoni."

Zedekiah hakusogea. "Na kesho, afande?"

"Na kesho pia."

Akaenda, uso bado ameukunja. Miaka tisa, na hata pole hakupewa.